Uchambuzi wa kisa: familia moja kwenye safari ya kuiga anga za juu

Usuli

Familia hii iliingia kwenye bustani ya burudani ikiwa na watu sita: mama wa watoto, mdogo wake wa kiume, bibi wa watoto na watoto watatu. Nimeondoa majina, nchi, jina la bustani na sarafu iliyotumika. Mama nitamwita Mama, mdogo wake atakuwa Mjomba, na Bibi atabaki Bibi. Watoto nitawataja kwa kuzaliwa kwao: kifunguamimba, mvulana wa miaka 14 anayependa mambo ya roketi, wa kati, msichana wa miaka 10 ambaye hutapika kila akipanda gari kwa mwendo mrefu, na kitindamimba, mvulana wa miaka 5.

Kilichowapeleka ni kivutio kinachotangazwa kuwa safari ya roketi. Abiria wanakaa ndani ya chumba kidogo kilichofungwa, mbele yao kuna skrini kubwa, chumba kinainama na kutetemeka, na baada ya dakika chache wanateremka wakiwa wameizunguka Dunia na kurudi. Tiketi yake haikuwemo ndani ya kiingilio. Kiti kimoja kiliuzwa kwa karibu nusu ya kiingilio cha mtu mzima, mtoto na mkubwa bei moja, na mwendo wenyewe haukufika dakika tano. Palikuwa pia na tiketi ya familia: viti sita kwa bei ya vitano.

Mama alinisimulia kisa hiki na akaniruhusu nikiandike. Nimekichagua kwa sababu watu huuliza kama safari hizi zinastahili bei yake wakitegemea jibu moja litakalowafaa wote waliopanga foleni. Siku ile kila kiti kilikuwa na bei ileile, lakini walichokipata waliokikalia kilitofautiana sana, na nadhani uamuzi wa kununua ungefaa ufanywe hivyohivyo, kiti kwa kiti.

Mashine yenyewe inafanya nini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu asiyejua mashine inafanya nini hawezi kujua analipia nini.

Chumba cha aina hii hubebwa na miguu ya chuma, mara nyingi sita, inayorefuka na kufupika. Miguu hiyo inakiwezesha kupanda, kushuka, kwenda pembeni na kuinama, lakini chumba hakiendi popote. Nafasi yake yote ni ya mita chache. Inakuwaje basi mtu ahisi anasukumwa mbele kwa muda mrefu hivyo?

Siri iko kwenye sikio la ndani. Humo mna viungo vidogo vinavyopima mwili unavutwa upande gani, na viungo hivyo haviwezi kutenganisha mvutano wa Dunia na msukumo wa chombo kinachoongeza kasi. Albert Einstein alilitambua jambo hilo mwaka 1907, kwamba mtu aliyefungiwa chumbani hana njia ya kutofautisha mambo hayo mawili, na akalijengea nadharia yake ya mvutano. Watengenezaji wa mashine za burudani wanalitumia kwa njia yao. Skrini ikionyesha roketi inaruka, chumba kinalazwa nyuma. Macho yanaona tunakwenda mbele, mgongo unahisi kukandamizwa kwenye kiti, na ubongo unajumlisha hayo mawili na kupata msukumo. Baadaye chumba kinarudishwa polepole mno, kwa mwendo ambao sikio haliwezi kuugundua, kikijiweka tayari kwa tukio linalofuata.

Maana yake ni kwamba mashine ya kuinama haimwongezei mtu uzito. Kinachombana mgongoni ni uzito wake wa kila siku uliohama kutoka makalioni. Wanaanga waliorushwa na Space Shuttle, chombo cha anga cha Marekani, walibanwa hadi mara 3 ya uzito wao. Zipo mashine nyingine zinazozungusha vyumba kwenye mikono mirefu, na hizo huongeza uzito kwelikweli. Mission: SPACE, iliyofunguliwa Epcot, bustani ya Disney huko Florida, Marekani, mwaka 2003, hufikia takriban mara 2.5, na mwaka 2006 iliongezewa toleo lisilozunguka kwa wanaotaka mwendo mpole. Katika jimbo hilohilo, kituo cha wageni cha Kennedy Space Center, mahali zinaporushwa roketi za Marekani, kina mashine ya kuinama iliyofunguliwa mwaka 2007 kwa msaada wa wanaanga, na yenyewe imo ndani ya kiingilio.

Biashara hii ina umri mkubwa kuliko safari za anga zenyewe. Mwaka 1901, kwenye maonyesho ya Buffalo, Marekani, Frederic Thompson aliwapakia watu kwenye chombo chenye mabawa, akakitikisa huku picha zikionyesha Dunia inaachwa nyuma, na akawateremsha mwezini. Alitoza senti 50, na vivutio vingi vya jirani vilitoza nusu ya hizo. Watu walilipa. Miaka miwili baadaye safari hiyo ilikuwa miongoni mwa vivutio vikubwa vya Luna Park, bustani aliyoifungua na mwenzake huko Coney Island, New York. Swali la bei lilikuwepo tangu siku hizo.

Dirishani

Mjomba ndiye aliyeiona tiketi ya familia. “Dada, viti sita kwa bei ya vitano, tutaiachaje?”

Mama hakumjibu kwanza. Alimgeukia mhudumu. “Samahani dada, mashine yenu inazunguka au inainama tu? Na nani haruhusiwi?” Mhudumu alieleza vizuri: inainama, haizunguki. Wenye matatizo ya moyo, presha, shingo au mgongo, na wajawazito, wanashauriwa wasipande. Mtoto lazima afikie mstari uliochorwa kwenye ubao. Aliongeza jambo ambalo Mama hakuuliza, kwamba mkubwa akibaki nje na mtoto anaweza kuingia zamu inayofuata bila kupanga foleni upya.

Kitindamimba alisimamishwa kwenye ubao. Hakuufikia mstari. Kwa majuma kadhaa nyumbani alikuwa akiambiwa kwamba ataenda anga za juu, na alilia kwa sauti iliyowafanya watu wageuke. Bibi, ambaye ana presha na alishaamua mwenyewe kutopanda, alimshika mkono. “Twende zetu mjukuu wangu, sisi tuna safari yetu.” Wakaelekea kwenye ukumbi wa maonyesho uliokuwa jirani, ambao ulikuwa ndani ya kiingilio.

Sasa Mama alimjibu mdogo wake. “Kaka, hivyo viti sita tunamkalisha nani? Bibi yao hapandi, mtoto hafikii ubao. Tumebaki wanne.” Viti vinne kwa bei ya kawaida vilikuwa rahisi kuliko tiketi ya familia. Hata hivyo hakununua vinne. Alinunua vitatu: cha Mjomba, cha kifunguamimba na cha wa kati. Yeye alitaka kuona kwanza watoto wanatokaje, kwa kuwa nafasi ya kupanda baadaye ilikuwepo.

Kiti cha wa kati kilimsumbua. Alijua mtoto huyu na magari. Lakini msichana alisisitiza, Mjomba akasema dakika tano haziwezi kumdhuru mtu, na Mama hakutaka abaki nje na mdogo wake akajiona amewekwa kundi la wasioweza. Aliniambia waziwazi kwamba alikubali kwa huruma.

Ndani ya chumba

Kifunguamimba alipokea kila kitu alichokitarajia. Chumba kilipolala nyuma na spika za chini ya viti zikaanza kunguruma, alipiga kelele ya furaha na hakunyamaza hadi skrini ilipoonyesha upinde wa Dunia.

Wa kati alianza vizuri. Kisha akageuka kumtazama kaka yake, akainama kuangalia mkanda, akainua tena kichwa kutazama skrini. Chombo kilipoanza kukwepa vimondo, tumbo lilimgeuka. Alitapika kwenye mfuko aliopewa na muda wote uliobaki alikuwa amefumba macho, jasho jembamba likimtoka. Haya hayana uhusiano na ujasiri. Sikio la ndani linatoa habari moja, macho yanatoa nyingine, na kila kichwa kinapogeuzwa hitilafu kati yake huongezeka. Zaidi ya nusu ya wanaanga hupatwa na kichefuchefu siku zao za kwanza huko juu, na hao ni watu waliochaguliwa na kufunzwa kwa miaka.

Mjomba alisubiri kuelea. Bango la nje lilionyesha watu wakielea, nywele zimesimama, na maneno yakiahidi kwamba abiria atahisi hana uzito. Wakati huo ulipofika, chumba kilishuka ghafla kidogo na mtetemo ukakoma. Basi. Alipotoka alipiga hesabu ya dakika na bei, akasema amelipa ili atikiswe.

Kule kwenye ukumbi, kitindamimba alikuwa ameacha kulia. Palikuwa na mizani inayomwonyesha mtu angekuwa na uzito gani kwenye Mwezi na kwenye Mirihi. Ana kilo 18. Mizani ilisema 3 kwa Mwezi na karibu 7 kwa Mirihi. Alishuka, akapanda, akamtaka Bibi apande, akamwomba mgeni asiyemjua apande, na kila mara alisoma namba kwa sauti. Mama alipofika, mtoto hakutaka kuondoka pale.

Safari ya pili

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Bustani iliuza kiti cha marudio kwa nusu bei kwa aliyekwisha kupanda siku hiyo. Kifunguamimba aliomba. Mama hakukataa, ila alimpa sharti: kwanza amweleze chumba kilifanya nini hasa, si alichokiona kwenye skrini. Mvulana alifikiri. Akasema anadhani kilikwenda mbele kwa kasi. Mama akamwuliza, kama kilikwenda mbele, mbona mlango ulikuwa palepale mlipotoka? Hapo akanyamaza.

Mama alikwisha kusikia dirishani kwamba mashine inainama tu. Akamshauri jaribio moja: wakati wa kuruka, afumbe macho, kisha afumbue, kisha afumbe tena. Alimnunulia kiti cha marudio, akajinunulia chake cha kwanza, wakaingia pamoja.

Mvulana alifanya kama alivyoambiwa. Alipofumba macho, roketi ilitoweka. Alikuwa amelala chali kwenye kiti kinachotetemeka. Alipofumbua, msukumo ukarudi kifuani mara moja. Akafumba tena, ukaisha. Mama anasema mwanawe hakupiga kelele safari hii. Alicheka peke yake gizani, na mara mlango ulipofunguliwa alianza kuuliza: kama mwili hauwezi kutofautisha, rubani wa ndege akiwa ndani ya wingu anajuaje kama anapanda au anaongeza kasi tu? Swali hilo ni zito. Marubani wameanguka kwa sababu yake, na ndiyo maana wanafundishwa kuamini vipimo vilivyo mbele yao kuliko hisia za mwili. Mvulana wa miaka 14 alilifikia mwenyewe.

Tahadhari moja: jaribio hili ni la mashine ya kuinama. Kwenye zile zinazozunguka, abiria huelekezwa aache macho wazi, aegemeze kichwa na atazame mbele. Maelekezo hayo yafuatwe.

Matokeo

Jumla ya malipo ilikuwa viti vinne vya bei kamili na kimoja cha nusu, yaani viti vinne na nusu dhidi ya vitano vya tiketi ya familia. Kifunguamimba alitoka na alichokitaka, na zaidi. Mama alisema kiti chake kilimlipa kwa sababu ya aliyekaa pembeni yake. Mjomba aliona hasara. Wa kati alikaa kivulini muda mrefu kabla ya kurudi sawa, na sehemu ya mchana ya familia ikaishia hapo. Bibi na kitindamimba hawakulipa chochote cha ziada.

Uchambuzi

Kukataa tiketi ya familia kulikuwa uamuzi mzuri, na sababu yake ni zaidi ya akiba. Tiketi ya namna hiyo humfanya mnunuzi ahesabu viti kabla ya kuhesabu watu wa kuvikalia. Angeinunua, viti viwili vingebaki vitupu, na katika kutaka visipotee huenda Bibi angeshawishiwa apande na presha yake. Hatari hiyo ni kubwa kuliko fedha. Mama aliepuka kwa kuuliza mashine inafanya nini na nani haruhusiwi kabla ya kutoa pochi, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo bora alilofanya siku nzima.

Hesabu ya Mjomba ya bei kwa dakika siikubali. Ufupi peke yake hauna kosa. Space Shuttle ilitumia takriban dakika 8 na nusu kutoka ardhini hadi injini zake kuu kuzimwa, na Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kufika anga za juu, aliruka, akaizunguka Dunia na kurudi kwa dakika 108 tu. Mwili hauhitaji muda mrefu kuonja msukumo, na mashine ingeendelea dakika ishirini wengi zaidi wangetapika. Anayetaka kupima afadhali ajiulize anaingia kutafuta nini, halafu kama mashine ina uwezo wa kumpa hicho.

Na hapo Mjomba ana haki ya kulalamika, ingawa si kwa sababu aliyoitaja. Aliuziwa kuelea. Hakuna mashine iliyokaa sakafuni inayoweza kumpa mtu hali ya kukosa uzito kwa zaidi ya kufumba na kufumbua. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko karibu kilomita 400 juu yetu, na mvutano wa Dunia huko bado ni kama sehemu tisa kati ya kumi za ule wa hapa chini. Walio ndani wanaelea kwa kuwa wao na kituo wanaanguka pamoja, mfululizo, wakiizunguka Dunia. Anayetaka hali hiyo bila roketi hana budi kuanguka kweli, na njia iliyopo ni ndege inayopanda na kushuka kama tao, ikitoa sekunde 20 na kidogo kwa kila tao, kwa gharama isiyolingana hata kidogo na ya bustani ya burudani. Mashine ya kuinama ni hodari wa kuiga kuruka na kutua. Kuelea haina. Bango linaloahidi kuelea linawauzia watu kitu kisichokuwemo, nami ningependa mabango hayo yabadilishwe, kwa sababu yanamfanya mtu asiione kazi nzuri ambayo mashine inaifanya kweli.

Kiti cha wa kati ndicho kilichopotea. Huruma ya Mama naielewa kabisa. Mtoto anayeachwa nje ya jambo la kaka yake huumia. Lakini dalili zilikuwepo tangu nyumbani, na hata baada ya kukubali hakuna aliyemwambia jinsi ya kukaa: kichwa kwenye egemeo, macho mbele, usigeuke, ukianza kuona vibaya fumba macho kabla tumbo halijageuka. Maelekezo hayo hayana gharama. Pengine yasingemwokoa. Bado ningeshauri familia yenye mtoto kama huyu itafute toleo lenye viti visivyosogea, kama lipo, ambako picha ni ileile na kiti kimetulia. Baadhi ya watu hupata kizunguzungu hata hapo kwa picha peke yake, ila ni rahisi kufumba macho ukapumzika.

Machozi ya kitindamimba yaliandaliwa nyumbani. Kimo kinachotakiwa hutangazwa na bustani mapema, na kipimo cha mtoto huchukuliwa ukutani kwa kalamu. Angeambiwa tangu mwanzo kwamba safari yake itakuwa ya mizani na mavazi ya wanaanga, angekwenda mbio. Mimi naona yeye ndiye aliyejifunza mengi zaidi baada ya kaka yake, bila tiketi. Familia nyingi hupita kwenye ukumbi kama ule haraka haraka zikiwahi foleni, kwa kuwa kilicho ndani ya kiingilio huonekana hakina thamani.

Kuhusu safari ya pili, nimekwisha kusema ilivyonigusa. Mara ya kwanza mvulana alikwenda kudanganywa, na alidanganywa vizuri. Hiyo ni burudani halali na alistahili kuifurahia bila mtu kumharibia. Mama alifanya vyema kutomweleza siri kabla. Mara ya pili alikwenda kuutazama ubongo wake mwenyewe ukifanya kazi, na mahali pa kufanya hivyo kwa usalama ni pachache sana. Mpangilio huo, furaha kwanza na jaribio baadaye, unategemea mambo mawili ambayo mnunuzi anaweza kuyauliza dirishani: kama marudio yana punguzo, na kama mkubwa anaweza kuingia kwa zamu. Kama marudio yangeuzwa kwa bei kamili, ningemshauri Mama amnunulie mwanawe kiti kimoja tu, na jaribio la macho lifanyike kuelekea mwisho, wakati chombo kinatua. Hapo chumba huinamishwa mbele kuiga breki, na ukifumba macho unajikuta unaning’inia kwenye mkanda.